Barua taka na barua pepe zinazochelewa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Taka na ucheleweshaji ni matatizo yanayotembea pamoja. Karibu kila kinga dhidi ya taka inakula muda, na barua nyingi zinazochelewa zimechelewa kwa sababu seva fulani ilizitilia shaka. Majibu haya ni kwa anayetumia barua pepe kila siku na kwa anayesimamia seva. Pale ambapo amri zinahusu programu fulani, tumeitaja.

Nimetuma barua, mwenzangu anasema hajaipata. Imepotea?

Mara nyingi haijapotea. Iko katika moja ya sehemu nne: folda ya taka ya mpokeaji, foleni ya seva inayojaribu tena na tena kuipeleka, imeshakurudia pamoja na maelezo ambayo hukuyasoma, au imefutwa kimya kimya na kichujio. Hii ya nne ndiyo mbaya kuliko zote, na tutairudia chini.

Barua pepe haiendi moja kwa moja kutoka kwenye simu yako hadi kwenye simu ya mwenzako. Inapokezanwa. Programu yako inaikabidhi kwa seva yako, kwa kawaida kupitia mlango 587 au 465. Seva hiyo inatafuta seva ya mpokeaji na kugonga mlango 25. Ikijibiwa 250, mzigo umehama mikono: aliyesema 250 ndiye anayewajibika kuifikisha au kutoa taarifa kwamba imeshindikana. Kabla ya hapo, mzigo bado ni wa seva inayotuma. Ukitaka kujua nani wa kuulizwa, tafuta 250 ya mwisho ilitolewa na nani.

Barua inaweza kukaa njiani kwa muda gani kabla ya kurudishwa?

Siku tano ni jambo la kawaida. Kanuni za SMTP (lugha ambayo seva hutumia kupelekeana barua) zilizotolewa mwaka 2008 zinaelekeza kwamba seva ingoje angalau dakika 30 kati ya jaribio na jaribio, na isikate tamaa kabla ya siku nne au tano. Postfix, programu ya seva ya barua, ina utaratibu wake: hungoja sekunde 300 mwanzoni, kisha hurefusha mwanya hadi sekunde 4,000, yaani saa moja na dakika saba hivi, na baada ya siku 5 huirudisha barua kwa mtumaji.

Hapa kuna jambo linaloumiza watu. Postfix ikiachwa ilivyo haimwambii mtumaji kwamba barua yake imekwama. Anakaa siku tano akiamini imefika. Weka `delay_warning_time = 4h` ili mtumaji apate taarifa baada ya saa nne. Taarifa hiyo si kwamba barua imeshindikana, na mtumaji hana haja ya kutuma tena. Akituma tena, mpokeaji atapata nakala mbili.

Nitajuaje barua ilikwama wapi?

Soma mihuri yake. Kila seva inayoipokea barua hubandika juu yake mstari unaoanza na neno `Received`, wenye jina la seva na saa. Kwa kuwa kila muhuri mpya hukaa juu ya uliotangulia, husomwa kutoka chini kwenda juu. Kwenye Thunderbird bonyeza Ctrl+U. Kwenye Gmail ya kompyuta, fungua barua, bonyeza vitone vitatu vilivyo kando yake na uchague kuona barua asilia. Ukurasa unaofunguka huonyesha pia barua ilichukua sekunde ngapi kufika.

Tazama mfano huu:

`Received: from lango.mfano.example by kikasha.mfano.example, Tue, 4 Mar 2025 10:31:52 +0300`
`Received: from posta.tuma.example ([192.0.2.25]) by lango.mfano.example, Tue, 4 Mar 2025 10:31:49 +0300`
`Received: from simu by posta.tuma.example, Tue, 4 Mar 2025 07:09:12 +0000`

Kwa haraka utadhani imechukua saa tatu na zaidi. Sivyo. Muhuri wa chini umepigwa kwa saa ya UTC (+0000, saa ya rejea ya dunia), na 07:09:12 ya UTC ni sawa na 10:09:12 kwa saa ya +0300. Kwa hiyo barua ilikaa dakika 22 na sekunde 37 kati ya seva ya mtumaji na lango la mpokeaji, kisha sekunde 3 tu kutoka langoni hadi kwenye kikasha. Kikasha hakina kosa, na simu ya mtumaji haina kosa. Kilichobaki ni kumwomba msimamizi wa posta.tuma.example aangalie kumbukumbu za seva yake kati ya saa hizo mbili: ama lango lilimwambia arudi baadaye, ama foleni yake mwenyewe ilikuwa imejaa.

Tahadhari mbili. Mihuri unayoweza kuiamini ni ile iliyopigwa na seva zako. Ya chini yake inaweza kuwa imebuniwa na mtuma taka ili kupoteza watu njia. Na saa ya seva ikikosea, utakuta barua "imefika" kabla ya kutumwa. Hakikisha seva zako zinarekebisha saa kwa NTP (huduma ya kulinganisha saa kupitia mtandao).

Kwa nini barua ya kwanza ya mtu mpya huchelewa, halafu zinazofuata hufika papo hapo?

Hiyo ni kinga inayojulikana kama graylisti, iliyopendekezwa na Evan Harris mwaka 2003. Seva inaangalia vitu vitatu: anwani ya IP inayotuma (namba ya seva kwenye mtandao), anwani ya mtumaji na anwani ya mpokeaji. Ikiwa haijawahi kuona vitatu hivyo pamoja, inajibu kwa namba inayoanza na 4: rudi baadaye. Seva halali itaiweka barua kwenye foleni na kurudi. Programu nyingi za kumwaga taka hazirudi, kwa sababu kutunza foleni kunagharimu, nazo zina mamilioni ya anwani za kukimbilia.

Postgrey, programu ya graylisti ya Postfix, huweka zuio la sekunde 300. Lakini dakika tano hizo si muda wa kuchelewa. Ni muda mfupi kabisa unaoruhusiwa. Seva ya mtumaji ikiwa na desturi ya kujaribu tena baada ya nusu saa, barua itachelewa nusu saa. Mpokeaji hawezi kuiharakisha.

Kinachoharibika zaidi ni kampuni kubwa zinazotuma kutoka kwenye IP nyingi. Jaribio la kwanza linatoka IP hii, la pili IP nyingine, na kila mara seva inaona mgeni mpya na kuanza kuhesabu upya. Barua inaweza kuzunguka hivyo kwa saa kadhaa. Dawa yake ni kulinganisha mtandao mzima wa /24 (IP 256 zilizo jirani) badala ya IP moja, na kuruhusu moja kwa moja seva iliyokwisha kufanikiwa mara kadhaa. Postgrey hufanya hivyo baada ya mara 5. Ushauri wetu ni kutoitumia graylisti kwa kila mtu. Namba za uthibitisho za benki na akaunti nyingi hufa ndani ya dakika chache, na mtumiaji anayezisubiri anaumia bila kosa. Itumie kwa wageni wanaotia shaka tu: wasio na rekodi ya PTR (inayotoa jina la seva kutokana na IP yake), au waliopata alama mbaya kidogo bila kufikia kiwango cha kukataliwa.

Zile namba 421, 450, 550 zinasemaje?

Tarakimu ya kwanza ndiyo yenye uamuzi: 2 ni "nimepokea", 4 ni "si sasa, rudi", 5 ni "hapana, usirudi". 421 ni huduma kufunga mlango kwa muda, mara nyingi kwa sababu unatuma haraka mno. 450 na 451 hutumika sana kwenye graylisti. 452 ni nafasi kuisha. 550 ni anwani haipo au sera imekataa.

Kando yake huwa na namba ya nukta, ambayo inaeleza zaidi: 5.1.1 ni anwani isiyokuwepo, 5.2.2 ni kikasha kilichojaa, 5.7.1 ni kukataliwa kwa sera. Soma pia maneno yanayofuata. Mara nyingi yana kiungo cha kueleza namna ya kuondolewa kwenye orodha ya kuzuia.

Kichujio kinajuaje kwamba hii ni taka?

Kwa kujumlisha ushahidi. Kichujio cha SpamAssassin, kwa mfano, huipa barua alama kwa kila kanuni inayoguswa, na jumla ikifika 5.0 inaiita taka. Kanuni moja peke yake haitoshi kuhukumu, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Ushahidi wa kwanza ni sifa ya IP. Seva inageuza IP nyuma mbele na kuiuliza DNS (mfumo wa majina ya mtandao) kama imo kwenye orodha ya kuzuia ya Spamhaus: kwa 192.0.2.25 swali ni `25.2.0.192.zen.spamhaus.org`. Jibu la 127.0.0.2, kwa mfano, lina maana kwamba imeorodheshwa. Kukosa jibu ni kwamba haimo. Kuna mtego hapa. Ukiuliza kupitia DNS ya umma inayotumiwa na kila mtu, Spamhaus hujibu 127.255.255.254, yaani swali lako limekataliwa. Seva iliyoandikwa kizembe huona jibu lolote kuwa ni "imeorodheshwa", na ghafla inakataa barua za dunia nzima. Barua zote zikianza kurudi kwa wakati mmoja kwa kisingizio cha orodha ya kuzuia, angalia hilo kwanza. Tumia DNS yako mwenyewe, na iambie seva ikubali majibu ya 127.0.0.x pekee.

Ushahidi wa pili ni uthibitisho wa mtumaji: SPF, DKIM na DMARC, tutakazozieleza chini. Wa tatu ni maudhui. Uchujaji wa Bayes, uliopata umaarufu baada ya Paul Graham kuueleza mwaka 2002, hujifunza maneno kutoka kwenye taka zako na barua zako nzuri. SpamAssassin haianzi kuutumia mpaka ionyeshwe angalau taka 200 na barua nzuri 200. Watu wengi huilisha taka tu na kusahau barua nzuri, kisha hushangaa kwa nini haibadiliki. Ilishe zote mbili kwa `sa-learn --spam` na `sa-learn --ham`, na zitoke kwenye vikasha vya watumiaji walewale unaowalinda.

Barua zangu ni halali, lakini zinaingia folda ya taka. Nianzie wapi?

Anza na DNS ya kikoa chako, kwa mpangilio huu.

SPF ni rekodi ya TXT (maandishi ndani ya DNS) inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako. Iwe moja tu; ukiwa na rekodi mbili zinazoanza na `v=spf1`, zote mbili zinabatilika. Pia isihitaji utafutaji wa DNS zaidi ya 10. Kila `include` (agizo la kusoma SPF ya kikoa kingine) inahesabiwa, pamoja na zile zilizofichika ndani ya `include` nyingine. Kosa hili huja taratibu: unaongeza huduma moja ya kutuma ankara, kisha nyingine ya matangazo, na siku moja unavuka 10 bila kujua.

DKIM ni saini ya kidijitali. Tumia ufunguo wa biti 2048. Ufunguo wa namna hiyo hauenei katika kipande kimoja cha TXT, kwa kuwa kipande kina mwisho wa herufi 255, kwa hiyo ugawe katika vipande viwili ndani ya rekodi moja. Ukiunakili kutoka kwenye ukurasa ukaingia na nafasi au alama ya ziada, saini itashindwa kila mara.

DMARC ndiyo inayoziunganisha: inataka kikoa anachokiona msomaji kwenye mstari wa `From` kilingane na kile kilichothibitishwa na SPF au DKIM. Anza na `p=none` (usizuie chochote) pamoja na anwani ya kupokea ripoti, zisome kwa wiki kadhaa mpaka uzijue seva zako zote, ndipo uende `quarantine` (tenga kama taka) na baadaye `reject` (kataa). Anayerukia `reject` siku ya kwanza hugundua kwamba alikuwa amesahau mashine moja inayotuma risiti.

Mwisho, IP ya seva iwe na PTR, na jina la PTR liirudishe IP ileile. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanayadai haya. Anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda Gmail lazima awe na SPF, DKIM na DMARC zote, pamoja na njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja kwenye barua za matangazo.

Kwa nini barua iliyopelekwa mbele kwenda anwani nyingine hukataliwa?

Kwa sababu sasa inatoka kwenye IP ambayo mtumaji wa asili hakuitaja kwenye SPF yake. DKIM ingeiokoa, ila saini huvunjika mtu akiigusa barua: akiongeza alama kwenye kichwa cha habari, au maneno chini ya barua. Tatizo hili lilionekana wazi Aprili 2014, Yahoo ilipoweka `p=reject` kwenye kikoa chake, na barua za watumiaji wake zilizopitia mikono mingine zikaanza kukataliwa kila upande.

Kama unapeleka mbele tu, usiguse chochote ndani ya barua, na tumia SRS, inayoandika upya anwani ya bahasha (ile inayosomwa na seva, si mstari wa `From`), ili iwe yako. Kama ni lazima uongeze maneno, badilisha `From` iwe ya kikoa chako, uiweke anwani ya mwandishi kwenye `Reply-To`, kisha utie saini yako ya DKIM. ARC, iliyotoka 2019 na inayobeba matokeo ya uthibitisho wa awali, husaidia pale ambapo mpokeaji anakuamini. Usiitegemee peke yake.

Naweza kuweka watu 300 kwenye BCC?

Unaweza, lakini jiandae kwa ucheleweshaji. Akaunti binafsi ya Gmail ina kikomo cha wapokeaji 500 kwa siku, na seva nyingi hupunguza kasi zikiona wageni wengi kwa mkupuo. Wengine watapata asubuhi na wengine jioni. Anwani zilizokufa huharibu zaidi. Kila 550 5.1.1 ni dalili kwa mpokeaji kwamba orodha yako ni ya kuokota. Anwani ikikujibu hivyo, iondoe siku hiyohiyo.

Napata barua zilizorudi ambazo sikuzituma kamwe. Nimedukuliwa?

Huenda, huenda sivyo. Fungua barua iliyorudi, tafuta mihuri ya ile ya asili. Kama haina muhuri wa seva yako hata mmoja, mtu ameandika tu jina lako kwenye bahasha. DMARC itapunguza hilo. Kama seva yako imo, mtu ana nenosiri lako. Libadilishe, funga vipindi vyote vilivyo wazi, washa uthibitisho wa hatua mbili, kisha angalia kanuni za kupeleka barua mbele. Hatua hii ya mwisho husahaulika sana. Mwizi huacha kanuni inayomtumia nakala ya kila barua, na kubadilisha nenosiri hakuiondoi.

Foleni ya Postfix ina maelfu ya barua. Nifanyeje?

Usikimbilie `postqueue -f`. Kulazimisha kila kitu kijaribiwe upya huongeza mzigo, na wapokeaji waliokwisha kukukasirikia watakufungia kabisa.

Tazama kwanza kwa `qshape deferred`: inaonyesha barua zinaelekea vikoa gani na zina umri gani. Zikiwa zinaelekea kikoa kimoja, tatizo liko kwake au kwenye sifa yako kwake. Zikiwa zimetawanyika kwenye vikoa mia, pengine akaunti moja imeibiwa na inamwaga taka. Orodhesha kwa `postqueue -p`, chukua namba ya barua moja, uisome kwa `postcat -q` ikifuatiwa na namba hiyo. Jina la mtumaji aliyeingia utalikuta kwenye kumbukumbu za seva kwenye neno `sasl_username`. Ifunge akaunti hiyo kabla ya kufuta chochote, la sivyo utafuta na yeye ataendelea kujaza. Halafu shikilia zinazotia shaka kwa `postsuper -h`, na ukishahakikisha, zifute moja moja kwa namba zao. `postsuper -d ALL` hufuta foleni nzima, pamoja na barua za watu wasio na hatia, na hazirudi.

Kiambatisho cha MB 22 kimekataliwa, na kikomo ni 25. Kwa nini?

Kiambatisho hugeuzwa kuwa maandishi ya base64 kabla ya kusafiri, na huvimba kwa zaidi ya theluthi. MB 22 zinakuwa karibu 30. Kwa kikomo cha 25, usivuke MB 18.

Nibonyeze "jiondoe" kwenye barua taka?

Ikiwa ni kampuni uliyojiandikisha kwake, ndiyo. Kuiripoti kama taka wakati uliiomba mwenyewe ni kuwaumiza wapokeaji wengine: Google hutaka malalamiko yasifike 0.3%, yaani watu 3 kati ya 1,000, na yakizidi, hata barua za maana za mtumaji huyo zitaanza kuchelewa. Ikiwa humjui aliyeandika, usibonyeze kitu. Ripoti taka na uendelee na kazi zako.

Tuzikatae, tuzifute, au tuzishikilie mpaka mtu azipitie?

Zikatae mlangoni, wakati mazungumzo ya SMTP bado yanaendelea, kwa 550 yenye maelezo yanayosomeka. Kama kichujio kimekosea, mtumaji halali atajua ndani ya sekunde chache na atatafuta njia nyingine. Ukiipokea kwa 250 kisha ukaifuta, umevunja ahadi: yeye anaamini umesoma, wewe hujui kama aliandika. Barua moja ya ajira au ya daktari ikipotea hivyo ni hasara kubwa kuliko taka kumi zilizopenya. Na ukiipokea halafu ukairudisha baadaye, mara nyingi unamrudishia mtu ambaye jina lake lilighushiwa tu.

Kushikilia kunafaa kwa zile za katikati, na kwa wageni wanaoandika mara ya kwanza kwenye anwani ya kundi. Lakini hapo ucheleweshaji si wa mashine tena, ni wa mtu. Wapangiwe wasimamizi wasiopungua wawili, wapitie asubuhi na jioni, na mtumaji aambiwe kwamba barua yake inasubiri. Mtu akishapitishwa mara mbili tatu, mruhusu apite bila kusubiri. Weka pia siku ambayo barua isiyoguswa itarudishwa yenyewe.

Nimepokea barua yenye tarehe ya 1 Januari 1970.

Saa ya kifaa kilichoituma imerudi sifuri. Kompyuta nyingi huanza kuhesabu muda siku hiyo. Barua itakuwa chini kabisa ya kikasha kilichopangwa kwa tarehe. Watu wengi hudhani haijafika kumbe iko huko.

Nimpe nini msimamizi ili anisaidie haraka?

Anwani ya mtumaji na ya mpokeaji, saa ya kutuma pamoja na eneo la saa, mstari wa `Message-ID` (kitambulisho cha kipekee cha barua), na maneno yote ya barua iliyorudi yakiwa maandishi, si picha. Kwa `Message-ID` ataikuta kwenye kumbukumbu kwa utafutaji mmoja. Kumbukumbu hizo seva nyingi huzifuta baada ya wiki chache, kwa hiyo uliza mapema.